Njombe au Makambako: mji upi wa kuishi, upi wa kupumzika, upi wa kutembelea?



Kuna swali ambalo hutufikia sana, hasa mavuno yanapokwisha na watu wanapokuwa na shilingi mbili tatu mkononi. Kijana amemaliza kidato cha nne Lupembe na anataka kuanza maisha mjini: aende Njombe au Makambako? Mama wa Wanging'ombe ameuza mahindi yake na anataka kununua kiwanja: anunue wapi? Mwingine anapokea wageni kutoka Dar es Salaam na anauliza awapeleke wapi wakafurahi.

Ubishi huu ukianza kwenye simu za kipindi, wa Njombe husema Makambako ni vumbi na upepo. Wa Makambako hujibu kwamba Njombe ni baridi na saa mbili usiku mji umelala. Wote wanacheka, na aliyeuliza anabaki na swali lake.

Katika makala haya tunaipima miji yetu miwili kwa mambo matatu, kila moja peke yake: kuishi, kupumzika na kutembelea. Tunayatenganisha kwa sababu mji unaofaa kwa jambo moja unaweza usifae kwa lingine, na anayechanganya hayo huja kujuta akiwa ameshalipa kodi ya miezi sita.

Wenzetu wanapimaje miji?

Duniani kuna taasisi zinazopanga miji kwa ubora kila mwaka. Mojawapo ni kitengo cha utafiti cha kundi la gazeti la The Economist la Uingereza. Hupima mambo matano: usalama na utulivu, huduma za afya, utamaduni na mazingira, elimu, na miundombinu. Mji wa Vienna, Austria, ulishika nafasi ya kwanza mwaka 2022, 2023 na 2024. Mwaka 2025 nafasi hiyo ikaenda Copenhagen, Denmark.

Angalia jambo moja. New York ni kati ya miji inayopokea watalii wengi zaidi Marekani, lakini haipo juu kwenye orodha hiyo. Mgeni anakaa siku nne, anapiga picha, anaondoka. Mkazi analipa pango kila mwezi, na pango la New York ni la kutisha. Watu wengi wenye kipato cha kawaida wameuhama mji huo kwa sababu hiyo. Kwa hiyo mji kusifiwa na wageni hakumaanishi kwamba maisha ya wenyeji ni rahisi.

Mambo yale matano ni mazuri na tutayatumia. Lakini orodha zile zinamlenga mfanyakazi wa kampuni kubwa anayehamishwa na mwajiri wake. Hazimuulizi mtu kama maji yanatoka bombani siku ngapi kwa wiki, wala kama atapata mahali pa kupanga meza ya kuuzia vitunguu. Hayo tutayaongeza wenyewe.

Miji miwili, sababu mbili za kuwepo

Njombe ni mji wa utawala. Mkoa wa Njombe ulianzishwa rasmi mwaka 2012 ukimegwa kutoka Iringa, na mji huu ukawa makao makuu. Ofisi za mkoa, mahakama, taasisi za serikali na benki zikafuata. Kabla ya hapo ulikuwa tayari mji wa mashamba na misitu. Kampuni ya TANWAT, inayojulikana kwa miwati na mbao, ipo tangu mwaka 1949, na chai ya Kibena na Luponde ina historia ndefu.

Makambako ni mji wa njia panda. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma inapita hapo, na hapo hapo ndipo inapochepuka barabara ya Njombe na Songea. Reli ya TAZARA nayo imepita. Reli hiyo ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, na ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Kipande kilichowatoa jasho kuliko vyote wajenzi wa Kichina, Watanzania na Wazambia ni kile cha Mlimba hadi Makambako, ambako milima ililazimisha kuchimbwa mahandaki 18. Treni ikishamaliza kupanda milima hiyo, inaingia Makambako.

Sababu hizo mbili zinaeleza karibu kila tofauti utakayoiona. Njombe inalishwa na ofisi, chai na misitu. Makambako inalishwa na wanaopita.

Ukitazama sensa, Halmashauri ya Mji wa Njombe ilikuwa na watu kama 130,000 mwaka 2012 na kama 182,000 mwaka 2022. Makambako ilikuwa na watu kama 94,000, ikafika kama 146,000. Njombe bado ni kubwa, lakini Makambako inakua kwa kasi zaidi. Mji unaokua hivyo una nafasi nyingi za biashara, na pia una mitaa mingi ambayo huduma hazijaifikia.

Kuishi: pesa inaingiaje?

Pesa ya Makambako ni ya kila siku. Basi likisimama stendi, mahindi ya kuchoma yanauzwa. Lori likiharibika, fundi wa gereji anapata. Dereva akichoka, nyumba ya wageni na mama ntilie wanapata. Kuna biashara kubwa ya mahindi na mbao, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, una kanda yake Makambako. Mtu mwenye mtaji mdogo na miguu myepesi huanza maisha haraka hapa. Ubaya wake ni kwamba siku usipotoka huingizi kitu, na washindani ni wengi.

Pesa ya Njombe ni ya mwezi na ya msimu. Mshahara wa mtumishi hutoka mwisho wa mwezi. Chai, viazi mviringo, parachichi na mbao vina nyakati zake. Ukiwa na ujuzi wa ofisini, ufundi wa ujenzi, au shamba nje kidogo ya mji, Njombe inakutunza vizuri. Ukija mikono mitupu ukitegemea kibarua cha kila siku, kuna miezi itakayokubana.

Kuishi: baridi, upepo, maji na umeme

Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa Juni na Julai baridi inauma, na anayetoka Dodoma au Pwani anahitaji blanketi mbili na sweta la kweli. Hilo ni gharama, liweke kwenye hesabu yako. Makambako iko chini kidogo, kwa hiyo baridi yake ni nafuu, lakini upepo wake ni mkali kiasi kwamba wawekezaji wameupima kwa ajili ya kuzalisha umeme. Ukijenga Makambako, mwambie fundi akaze mabati.

Tukiwa kwenye baridi, hili tulisema redioni na tunalirudia hapa: usilale na jiko la mkaa linalowaka ndani ya chumba kilichofungwa. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala moshi wa kuonekana. Mtu anasinzia na haamki. Ota moto nje au milango ikiwa wazi, kisha litoe jiko kabla ya kulala.

Umeme kwa miji yote miwili umeimarika tangu njia kubwa ya umeme ya msongo wa kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea ilipokamilika mwaka 2018, kwa msaada mkubwa wa Sweden. Kabla ya hapo, maeneo mengi ya Ludewa na Ruvuma yalitegemea majenereta.

Maji ndiyo yanayowagawa watu. Njombe imezungukwa na vijito na chemchemi. Makambako ni kukavu zaidi, na kilio cha maji ni cha muda mrefu. Mwaka 2022 serikali ilisaini mikataba ya mradi wa maji wa miji 28 kwa mkopo kutoka India, na Njombe, Makambako na Wanging'ombe zimo. Lakini mradi kusainiwa na maji kufika mtaani kwako ni mambo mawili. Nyumba mbili zinazotazamana zinaweza kutofautiana: moja ina bomba, nyingine inanunua dumu kwa bodaboda.

Kuishi: afya na watoto

Njombe mjini kuna Hospitali ya Kibena na hospitali ya rufaa ya mkoa iliyojengwa Wikichi. Mkazi wa Makambako ana hospitali ya mji wake, na Hospitali ya Ilembula ya Kanisa la Kilutheri, wilayani Wanging'ombe, haiko mbali naye. Kwa magonjwa mazito, wengi wa mkoa huu na hata wa mikoa ya mbali huenda Ikonda, Makete, kwenye hospitali ya Wamisionari wa Consolata. Kwa hiyo mkoa huu hauko nyuma sana kwa hospitali. Shida ni umbali na nauli, hasa kwa mjamzito wa kijijini anayeanza uchungu usiku.

Kuna mambo mawili ya afya ambayo sifa za mji hazipaswi kuyaficha. La kwanza ni Virusi vya Ukimwi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulikuta maambukizi Njombe ni asilimia 12.7 ya watu wazima, kiwango cha juu kuliko mikoa mingine yote. Kijana anayehamia mji wenye wageni wengi kila usiku aende akijua hivyo: apime, ajikinge, na akikutwa na maambukizi aanze dawa mapema. Dawa hizo hutolewa bure.

La pili ni udumavu. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 50.4 ya watoto walio chini ya miaka mitano mkoani kwetu wamedumaa, wakati wastani wa taifa ni asilimia 30. Huu ni mkoa wa mahindi, viazi, maharage, maziwa na parachichi. Chakula tunacho, lakini kingi kinapanda lori, na mtoto anabaki na ugali na mboga moja asubuhi mpaka jioni. Kuhamia mjini peke yake hakutibu hilo. Mama anayeshinda stendi kuuza chakula kwa wasafiri anahitaji kujua mwanawe kala nini mchana.

Kupumzika: baada ya kazi unakwenda wapi?

Tuseme ukweli, hapa miji yote miwili ina upungufu. Bustani za wazi ambapo familia inakaa bila kulipia ni chache. Watoto wanachezea barabarani.

Njombe ina Uwanja wa Sabasaba, na wapenzi wa soka hawasahau msimu wa 2017/18, Njombe Mji FC ilipocheza Ligi Kuu na timu kubwa za nchi zikaja kucheza kwenye baridi yetu. Timu ilishuka msimu huo huo, lakini kwa miezi ile hoteli, bajaji na wauza chai walijua faida ya mpira.

Kitu kingine cha Njombe ni maporomoko ya Luhuji, karibu kabisa na mji. Unaweza kwenda na watoto na kurudi kabla ya chakula cha jioni. Mto huo huo, ambao kwenye ramani huandikwa Ruhudji, unakwenda kuingia Kilombero, na Kilombero inaingia Rufiji. Maji unayoyaona yakianguka pale Njombe yana safari ndefu mpaka Bwawa la Julius Nyerere.

Makambako starehe yake ni ya usiku: nyama choma, muziki, vibanda umiza vya kutazama mpira, stendi isiyolala. Kijana ataipenda. Mwenye watoto wadogo atatafuta nyumba mbali kidogo na barabara kuu, kwa sababu ya kelele na kwa sababu ya malori.

Kutembelea: uzuri wetu uko nje ya miji

Sasa tuje kwa yule mwenye wageni. Ukimleta mtu kutoka mbali, hatakumbuka stendi ya Makambako wala ofisi za Njombe. Atakumbuka alichokiona vijijini.

Cha kwanza ni Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 2005, ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 413, na sehemu kubwa ni uwanda wa juu wenye urefu wa mita 2,600 hivi. Ina aina zaidi ya 350 za mimea, na kati ya hizo aina zipatazo 45 ni okidi. Maua hufunguka vizuri kuanzia Desemba hadi Aprili. Ndiyo miezi ya mvua, kwa hiyo beba koti na viatu visivyoteleza. Misitu ya Livingstone iliyomo humo ni makazi ya kipunji, kima ambaye wanasayansi walimtangaza kwa dunia mwaka 2005, ingawa wawindaji wa eneo hilo walikuwa wakimjua.

Sababu mojawapo ya kuilinda Kitulo ilikuwa biashara ya chikanda. Viazi vya okidi vilichimbwa kwa magunia na kusafirishwa Zambia, ambako hupikwa na kuliwa. Ua moja likichimbwa, halirudi mwaka unaofuata. Mchimbaji alipata pesa mara moja tu, wakati ua likiachwa ardhini linaweza kuleta mgeni kila mwaka.

Unaweza kufika Kitulo kwa kupitia Njombe na Makete, au kwa Chimala kupanda Matamba, njia maarufu ya kona 57. Makao makuu ya hifadhi yako Matamba. Mtanzania hulipa kiingilio kwa shilingi na kwa bei ya chini kuliko mgeni wa nje. Uliza bei ya sasa kabla ya kukodi gari.

Kuna pia pori la akiba la Mpanga Kipengere lenye maporomoko ya Kimani, na fukwe za Ziwa Nyasa upande wa Ludewa, kama Lupingu na Manda, ambako milima inashuka hadi majini. Upande wa Wanging'ombe kuna msitu wa Nyumbanitu, ambao Wabena wanauheshimu kama mahali pa wazee wao, wenye simulizi za kuku weusi na za watu kujificha wakati wa vita. Pale haingiwi hivi hivi. Unaonana na wenyeji kwanza.

Jilinganishe na Iringa. Mgeni anayekwenda Hifadhi ya Ruaha hulala Iringa, hununua maji na matunda Iringa, hukodi gari Iringa. Mji ule umejifunza kuwa mlango wa hifadhi. Njombe inaweza kuwa mlango wa Makete na Ludewa, na Makambako inaweza kuwa mahali ambapo anayeshuka kwenye basi au treni anapata taarifa na gari la kumpeleka mbele. Kwa sasa wageni wengi wanapita Makambako bila kujua kwamba saa chache kutoka pale kuna uwanda wa maua.

Kijiji nacho kina kazi yake. Mgeni hahitaji hoteli ya ghorofa. Anahitaji choo kisafi, chai ya moto, kitanda chenye mablanketi, mwenyeji anayejua njia, na bei iliyotajwa mapema isiyopanda katikati ya safari. Hayo hayahitaji mwekezaji kutoka nje.

Kabla hujalipa kodi au kununua kiwanja

Kwa anayehama, haya ndiyo maswali matano tunayokushauri uulize, na uyaulize kwa majirani, usiishie kwa dalali.

1. Maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, na yakikatika dumu ni shilingi ngapi?

2. Pesa yangu itaingia kila siku, kila mwezi au kila msimu? Kodi na ada za shule zinaendana na mzunguko huo?

3. Mtoto au mzazi akiugua usiku, hospitali ni umbali gani na usafiri upo?

4. Kiwanja kimepimwa? Nenda ofisi ya mtaa, kisha ofisi ya ardhi ya halmashauri. Kando ya barabara kuu, hifadhi ya barabara ni mita 30 kila upande kutoka katikati, na reli ina hifadhi yake. Makambako ina vyote viwili, kwa hiyo kagua mara mbili. Alama ya X ikichorwa ukutani, aliyekuuzia hutamwona tena.

5. Nimekaa pale angalau wiki mbili? Kaa Njombe mwezi wa Julai na Makambako kipindi cha upepo, ndipo utaujua mji.

Kwa hiyo tunajibu nini?

Ukiwa kijana mwenye mtaji mdogo unayetaka kuzungusha pesa kila siku, anza Makambako, ukijua shida ya maji. Ukiwa na familia, ajira, au shamba la kudumu, na unataka huduma karibu na usiku tulivu, Njombe inakufaa zaidi, ukijua baridi yake. Kama ni kumpokea mgeni, mlaze Njombe siku moja, asubuhi mpandishe Makete.

Na kama uko kijijini, una paa lisilovuja, una shamba na chemchemi iko karibu, usihame kwa sababu tu mwenzako amehama. Fanya hesabu ya maswali matano kwanza, uiweke pembeni ya hesabu ya shamba lako, kisha uamue na familia yako.

Wewe uliyehama kutoka kijijini kwenda mji mmojawapo, tutumie uzoefu wako kwa ujumbe mfupi wakati wa kipindi cha asubuhi. Tutausoma hewani, umsaidie anayefunga mzigo wiki hii.